Jiwe la gramu 200 linasoma 199.91: mizani iliyohama Dar kwenda Arusha

Swali: Mimi ni fundi sanifu katika maabara ndogo ya kupima maji hapa Arusha. Tumeletewa mizani ya uchambuzi kutoka maabara ya wenzetu ya Dar es Salaam. Inabeba hadi gramu 220 na inasoma hadi miligramu 0.1, lakini haina jiwe la ndani la kujirekebisha. Tulipoiwasha, jiwe letu la gramu 200 lilisoma 199.9118. Tena namba hazitulii, hasa mchana, na vichujio vikitoka kwenye oveni huanza na uzito mdogo kisha unapanda wenyewe. Mizani iko juu ya meza ya mbao karibu na dirisha, na jioni tunaizima ili kuokoa umeme. Kazi zetu kubwa ni mbili: kupima chembe zinazobaki kwenye kichujio baada ya kuchuja maji, na kutengeneza myeyusho wa floraidi wa kulinganishia, ambapo tunapima sodiamu floraidi miligramu 22.1 kwa chupa ya mililita 100. Jiwe tulilonalo ni la daraja M1. Mkuu wetu anasema tubonyeze CAL, kitufe cha kurekebisha mizani, yaishe, la sivyo tuombe mizani mpya. Naomba ushauri.

Jibu: Dada yangu, usibonyeze CAL kwanza, na barua ya kuomba mizani mpya isiandikwe. Kwa maelezo uliyonipa, sioni dalili hata moja ya mizani mbovu. Naona mizani iliyohamishwa bila kurekebishwa upya, ikawekwa mahali pasipoifaa, na ikapewa kazi moja iliyo ndogo kuliko uwezo wake. Tena ile namba iliyowashtua, 199.9118, ndiyo yenye madhara madogo kuliko yote uliyoyataja. Yanayoharibu majibu yenu kila siku ni zile miligramu 22.1 na vile vichujio vya moto.

Nianze na jiwe, kwa sababu ndilo lililozua hofu. Mizani ya zamani ya sahani mbili ililinganisha kitu na jiwe, kwa hiyo ukiipeleka pwani au mlimani jibu lilikuwa lilelile, maana dunia inavuta pande zote mbili sawasawa. Mizani yenu haifanyi hivyo. Chini ya sahani yake kuna koili ya waya iliyokaa ndani ya sumaku. Ukiweka kitu, sahani inataka kushuka, kihisio kinaona, na mizani inapitisha umeme kwenye koili mpaka sahani irudi mahali pake. Kiasi cha umeme kilichohitajika ndicho kinachogeuzwa kuwa gramu kwenye kioo. Maana yake mizani hiyo inapima nguvu ambayo dunia inakivuta kitu, kisha inaitafsiri kuwa gramu kwa kutumia kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipooneshwa jiwe linalojulikana.

Kumbukumbu hiyo, kwa mizani yenu, ni ya Dar es Salaam, usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu yake, na kadiri unavyopanda ndivyo mvuto wa dunia unavyopungua. Tofauti kati ya miji hiyo miwili ni takriban sehemu 4 hadi 5 katika kila 10,000. Kwa gramu 200 hiyo ni miligramu 80 hadi 100. Ninyi mmekuta upungufu wa miligramu 88. Kwa hiyo mizani imewapa namba ambayo mtu mwenye kujua safari yake angeitarajia kabla hata ya kuiwasha. Mizani iliyorekebishwa kiwandani Uswisi ikaletwa Dar bila kuguswa ingekosea zaidi, karibu nusu gramu kwa gramu 200, kwa kuwa mvuto unapungua pia unapoikaribia ikweta. Hata kuhamisha mizani kutoka chumba cha chini kwenda ghorofa ya kwanza, mita 3 tu, kunabadilisha gramu 200 kwa miligramu 0.2 hivi, na mizani yenu ina uwezo wa kuliona hilo.

Sasa angalia kosa hilo linafanya nini kwenye kazi zenu. Ni kosa la uwiano: linakua na kupungua pamoja na uzito unaoupima. Kwenye gramu 200 ni miligramu 88. Kwenye miligramu 221 za sodiamu floraidi ni miligramu 0.1, yaani tarakimu ya mwisho kabisa. Kwenye kichujio kilichokamata miligramu 15 za tope, halionekani kabisa, kwa sababu mnachukua tofauti kati ya uzito wa baada na wa kabla, na kosa linabaki kwenye ile tofauti peke yake. Sisemi liachwe. Mizani lazima irekebishwe mahali inapofanyia kazi, na mkaguzi hatakubali vinginevyo. Ninachosema ni kwamba majibu yenu ya nyuma hayakuharibiwa na namba hiyo, na kuirekebisha hakutatibu yale mengine.

Kuhusu jiwe lenu la M1. Mawe ya mizani yana madaraja ya kimataifa. Kwa jiwe la gramu 200, daraja E2 linaruhusiwa kukosea miligramu 0.3, F1 miligramu 1, F2 miligramu 3, na M1 miligramu 10. Mkiirekebisha mizani kwa jiwe la M1, mnaiambia kwamba hiki ndicho gramu 200 kamili, ilhali huenda ni gramu 200.008 au 199.993. Mizani itaamini, na kuanzia hapo itarudia kosa la jiwe lenu kama ukweli. Kwa kazi zenu za miligramu chache, kama nilivyoonesha, kosa la aina hiyo halitawaumiza sana. Lakini hamtaweza tena kumwonesha mtu yeyote kwamba mizani ya tarakimu nne inasoma tarakimu nne, na siku mtakapohitaji kupima kitu kizito kwa usahihi mtakuwa mmeshasahau kwamba msingi ni mbovu. Tafuteni jiwe moja la gramu 200 la E2, au F1 fedha ikibana, lenye cheti kinachotaja uzito wake halisi. Lile la M1 libaki kwa mizani ya jikoni ya maabara, ile ya kupimia kemikali za kuoshea vyombo na nyinginezo zisizodai usahihi.

Hapa kuna jambo ambalo naliona likichanganywa hata na watu wenye miaka mingi kazini. Kufanya ugezi, au kalibresheni, ni kuweka jiwe linalojulikana, kusoma mizani inasema nini, na kuandika tofauti. Basi. Hakuna kinachobadilishwa. Kitufe cha CAL hakifanyi kazi hiyo, kinarekebisha: kinabadilisha kumbukumbu ya mizani ili isome kama jiwe. Mpangilio una maana yake. Ukirekebisha kabla hujaandika hali uliyoikuta, umefuta ushahidi. Kesho mtu akiuliza majibu ya mwezi uliopita yalikosea kwa kiasi gani, huna la kumjibu. Ninyi tayari mnayo 199.9118. Iandikeni kwenye daftari la mizani pamoja na tarehe, saa, jotoridi la chumba na namba ya jiwe, na mseme kwamba ni usomaji uliokutwa kabla ya marekebisho yoyote.

Tuje kwenye namba zisizotulia. Hapa usikisie, jaribu. Ondoa kila kitu, funga milango yote ya kizimba cha vioo, rudisha sifuri, kisha kaa mbali na meza utazame namba kwa dakika tano. Ikitembea ikiwa tupu, tatizo liko kwenye mazingira au kwenye mizani yenyewe. Ikitulia, weka jiwe la chuma lililokaa chumbani humo tangu asubuhi. Jiwe likitulia na kichujio kisitulie, mizani haina kosa, kosa ni la kichujio. Jaribio hilo linachukua robo saa, na limeokoa mizani nyingi zilizokuwa zimeandaliwa kupakiwa kwenye gari kwenda kwa fundi bila sababu.

Kwa chumba chenu nina hakika nusu ya tatizo ni mahali. Meza ya mbao inapinda kidogo mtu anapoiegemea, na mizani inalala upande. Mizani ikilala kwa nusu nyuzi tu, gramu 200 inapoteza zaidi ya miligramu 7, kwa sababu nguvu haishuki tena wima kupitia sahani. Ndiyo maana kuna kile kiputo cha pimamaji nyuma au mbele ya mizani. Kiwe katikati ya duara kila asubuhi, na kikitoka kirudishwe kwa miguu ya skrubu. Egemea meza kwa kiganja huku unatazama namba. Zikicheza, meza hiyo haifai. Fundi wa makaburi au wa sakafu za terazo anaweza kuwatengenezea bamba zito la jiwe, likae juu ya nguzo mbili za matofali zilizojengwa sakafuni. Likae sakafuni tu, au lishikwe na ukuta tu; ukiligusisha kotekote linachukua mtikisiko wa kote kuwili. Kona ya jengo hutikisika kidogo kuliko katikati ya chumba. Msiliweke karibu na mlango, wala chini ya kiyoyozi, wala chumba kimoja na sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi) au friji inayojiwasha na kujizima.

Dirisha ndilo linaloeleza kwa nini mchana ni mbaya zaidi. Jua likipiga upande mmoja wa mizani, hewa ndani ya kizimba inaanza kuzunguka, ya joto ikipanda na ya baridi ikishuka, na mikondo hiyo midogo inaisukuma sahani. Pia mizani yenyewe inabadilika na joto: za aina yenu kwa kawaida huteleza sehemu 1 hadi 2 katika kila milioni kwa kila nyuzi ya selisiasi. Chumba kikipanda nyuzi 6 kati ya asubuhi na alasiri, gramu 200 inaweza kuhama miligramu 1 hadi 2. Pazia zito linasaidia, lakini kuhama dirishani kunasaidia zaidi.

Na kuizima jioni, dada, acheni kabisa. Mizani inakula umeme mdogo sana, haifikii hata balbu ya kawaida. Mnachookoa ni senti, mnachopoteza ni asubuhi nzima. Elektroniki na sumaku zinahitaji muda kufikia joto lake la kazi. Saa moja ndiyo kiwango cha chini kabisa kwa mizani ya tarakimu nne, na baada ya kukatika umeme usiku kucha mimi husubiri zaidi. Ukianza kupima dakika kumi baada ya kuwasha, namba zitatembea upande mmoja taratibu na utadhani ni ugonjwa. Iacheni ikiwaka siku zote, ikae nyuma ya UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na kama jengo lina jenereta hakikisheni umeme unapitia stabilaiza. Kuna maabara nilikoitwa kwa ajili ya mizani iliyoruka namba kila saa sita mchana, na chanzo kilikuwa soketi moja na birika la chai.

Kabla hamjaihamisha, inueni sahani na mtazame chini yake. Punje ya mchanga, unywele, au uzi wa karatasi ya kufutia ukikaa kati ya sahani na pete inayoizunguka, mizani haitarudi sifuri unapoondoa kitu. Kwenye nchi zetu ongeza sisimizi na mende wadogo, wanaopenda ujoto wa mizani inayowaka usiku. Nimekuta utando wa buibui umeunganisha sahani na ukuta wa kizimba, na namba zilikuwa zikipungua kila mtu alipofungua mlango. Safisha kwa brashi laini, kisha kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa ethanoli. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Hewa ya nguvu inaupeleka uchafu ndani kwenye koili, na huko wewe hufiki.

Sasa vichujio, ambavyo navitilia mkazo kwa sababu ndivyo vinavyotoka kwenye maabara yenu kama namba kwenye ripoti. Kitu cha moto kikiwekwa kwenye mizani kinaipasha joto hewa iliyo kandokando yake. Hewa hiyo inapanda na kukivuta kitu juu kidogo. Kwa hiyo kitu kinasoma pungufu, na kadiri kinavyopoa namba inapanda. Hicho ndicho mnachokiona. Wakati huohuo kichujio kikavu kinanyonya unyevu wa hewa, na hilo nalo linapandisha namba. Mtu anayesubiri namba itulie anakuwa amesubiri mpaka kichujio kimepoa na kimelowana, kisha anaandika uzito wa tope pamoja na maji ya angani.

Dawa ni desiketa, chombo kinachofungwa vizuri chenye kitu cha kunyonya unyevu. Kausha kwenye nyuzi 103 hadi 105 kwa saa moja, hamishia kwenye desiketa kwa kibanio, kipoe mpaka kifikie joto la chumba cha mizani, kisha pima haraka. Desiketa ikae chumba hichohicho, wala si chumba cha oveni. Angalieni rangi ya silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu zilizo ndani yake. Ile ya bluu ikigeuka waridi, au ya machungwa ikigeuka kijani, imeshiba maji na inatakiwa kukaushwa upya kwenye oveni. Halafu rudieni mzunguko mzima: kausha, poza, pima, mpaka uzito wa mara mbili mfululizo utofautiane kwa chini ya miligramu 0.5, au chini ya asilimia 4 ya uzito uliotangulia, uchukue kile kilicho kidogo. Najua ni kazi ndefu na foleni ya sampuli haingoji. Lakini tope la kwenye kichujio chenu huenda ni miligramu 5 jumla. Kichujio kilichopimwa kikiwa na moto, pamoja na sahani yake ya alumini, kinakosea kwa miligramu kadhaa bila kumwonya mtu yeyote. Hapo jibu lote limeondoka.

Chukueni pia kichujio kimoja kisichochujiwa kitu, mkipitishe hatua zote na maji safi yaliyochujwa, mpime kabla na baada. Kinatakiwa kirudi na uzito uleule. Kikirudi na miligramu moja ya ziada, mmejua kiasi cha kosa la utaratibu wenu wenyewe, na hakuna mkaguzi anayeweza kuwafundisha zaidi ya hapo.

Umeme tuli nao usiusahau, hasa miezi ya ukavu kuanzia Juni, hewa ya Arusha inapokuwa kavu na watu wamevaa sweta. Dalili yake ni namba zinazotembea bila mpangilio, na kitu kilekile kinasoma tofauti kila unapokirudisha. Vichujio vya nyuzi za kioo na vile vibia vya plastiki vya kupimia ndivyo vinavyobeba chaji. Tumieni sahani za alumini badala ya plastiki, na kichujio kilale ndani ya sahani bila kuning'inia ukingoni. Unyevu wa chumba ukiwa asilimia 45 hadi 60, shida hii kwa kawaida haionekani.

Tumefika kwenye zile miligramu 22.1, na hapa ndipo ninapotaka uketi na mkuu wako. Kila mizani ina mtawanyiko wake: ukipima kitu kilekile mara kumi hupati namba moja, unapata kundi la namba. Mtawanyiko huo hauondolewi na CAL, na haujali kama umeweka gramu 100 au miligramu 10. Ni karibu uleule. Kwa hiyo unavyopima kidogo zaidi ndivyo unavyokula sehemu kubwa zaidi ya jibu lako. Wafamasia wamelifanya hili kuwa sheria. Famakopia ya Marekani, yaani kitabu chao cha viwango vya dawa, sura ya 41, inataka upime jiwe lilelile mara zisizopungua kumi, utafute mkengeuko sanifu, yaani namba inayopima mtawanyiko huo (Excel inakupa kwa amri ya STDEV), kisha uzidishe kwa 2,000. Unachopata ndicho kiasi kidogo kabisa unachoruhusiwa kupima kama unataka kosa lisizidi asilimia 0.1. Mizani ya miligramu 0.1, hata iwe nzuri namna gani, kwa kanuni hiyo haishuki chini ya miligramu 82.

Maabara ya maji haifungwi na sheria ya dawa, na elektrodi yenu ya floraidi yenyewe ina kosa la asilimia kadhaa. Tuwe wapole basi, turuhusu asilimia 0.5 kwenye kupima. Mizani yenu kwenye meza nzuri huenda ikatoa mkengeuko wa miligramu 0.1. Kwa kuwa tumeruhusu kosa mara tano zaidi, ile 2,000 inakuwa 400, na kiasi kidogo kinachokubalika ni mara 400 yake: miligramu 40. Bado 22.1 haifiki. Na hapo ilipo leo, dirishani na imewashwa asubuhi hii, sitashangaa mkengeuko ukiwa miligramu 0.3. Kanuni hiyo huhesabu kosa kuwa mara mbili ya mkengeuko, yaani 0.6, na 0.6 kwa 22.1 ni karibu asilimia 3. Kila sampuli mnayoilinganisha na chupa hiyo inarithi asilimia hizo 3, upande uleule, mpaka chupa iishe.

Hili lina uzito kwenu kuliko kwa maabara nyingine nyingi. Kwenye miteremko ya Mlima Meru watu wamekunywa maji ya floraidi nyingi kwa vizazi. Meno ya kahawia mnayaona mtaani, na kuna watoto waliopinda miguu. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye 1.47 kikisomwa 1.51 kinaweza kufungwa bure, na chenye 1.53 kikisomwa 1.49 kinapewa kijiji. Asilimia 3 inatosha kuvusha kisima upande wowote.

Suluhisho halihitaji senti. Pimeni sodiamu floraidi kavu miligramu 221.0 mfanye lita moja kamili; mtapata miligramu 100 za floraidi kwa lita, nguvu ileile mliyokuwa mkiitafuta kwenye chupa ya mililita 100. Mnatumia kemikali mara kumi zaidi, lakini bado ni robo gramu tu. Ikaushwe kwanza kwenye oveni, ipoe kwenye desiketa, na mvae glavu kwa kuwa ni sumu. Ikishafikishwa alama, ihamishiwe kwenye chupa ya plastiki mapema, maana floraidi haifai kukaa kwenye kioo. Kama kwa sababu yoyote lazima mpate ujazo mdogo, tengenezeni lita kwanza halafu mchukue kwa pipeti. Pipeti ya mililita 10 ya daraja A ni sahihi kuliko mizani inayohangaika na miligramu 22.

Jiwe jipya likifika na mizani ikiwa imekaa kwenye bamba lake angalau usiku mzima ikiwaka, ndipo mrekebishe. Jiwe likae chumbani kwa saa kadhaa kabla, lishikwe kwa kibanio chenye ncha laini na si kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanabaki juu yake na yana uzito. Weka kiputo katikati. Pandisha na shusha jiwe mara mbili tatu bila kuandika, ili sehemu zinazopinda ndani ya mizani zizoee mzigo. Andika usomaji wa mahali papya kabla ya kugusa kitu. Kisha bonyeza CAL, subiri ikuombe jiwe, liweke katikati ya sahani, funga mlango, na usiguse meza mpaka imalize.

Baada ya hapo jiwe la gramu 200 litasoma vizuri, na hilo halithibitishi chochote, kwa sababu ni jiwe lilelile uliloifundishia. Tumia jiwe jingine, la gramu 100 au 50. Pima jiwe la gramu 10 mara kumi, ukirudi sifuri kila mara, upate mkengeuko wenu halisi na kiasi chenu kidogo cha kupima. Kiandikwe kwenye kipande cha karatasi kibandikwe mbele ya mizani. Pima jiwe la gramu 100 katikati ya sahani, kisha kwenye pembe nne. Pembe moja ikitofautiana na nyingine kwa zaidi ya miligramu moja hivi, au zaidi ya ukomo uliotajwa kwenye kitabu cha mizani, inawezekana mizani iligongwa safarini, na hilo ndilo jambo la pekee kwenye barua hii ambalo lingenifanya nimwite fundi. Kabla ya kumwita, angalia kama sahani imekaa sawa kwenye kishikio chake na kama vizuizi vya safari vyote vimeondolewa.

Kwa ajili ya mkaguzi mtahitaji cheti cha ugezi kilichofanywa hapo Arusha, mizani ikiwa juu ya bamba lake. Cheti cha Dar hakihamii na gari. Mwiteni mtu kutoka maabara ya ugezi ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), au ya binafsi iliyoidhinishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za ugezi na upimaji, na mumwombe aandike usomaji uliokutwa na usomaji wa baada ya marekebisho, pamoja na kiwango cha shaka, yaani namba inaweza kuwa imepishana na ukweli kwa kiasi gani, kwa kila uzito. Stika peke yake isiyo na namba haiwasaidii. Katikati ya ziara zake, jiwe moja kila asubuhi kabla ya kazi linatosha, likiandikwa kwenye daftari na kuchorwa kwenye grafu ukutani. Namba ikianza kuteremka wiki hadi wiki, mtaiona kabla haijafika kwenye ripoti.

Mkuu wako akishikilia mizani mpya, mwambie bei yake inanunua jiwe la E2 lenye cheti, bamba la terazo, UPS, na ziara ya ugezi, na inabaki. Mizani mpya ikiwekwa kwenye meza hiyohiyo karibu na dirisha hilohilo itafanya yaleyale mnayoyaona leo. Anza na kuihamisha kesho asubuhi, iache ikiwaka, na chupa ya floraidi iliyopo sasa msiitumie tena kwa sampuli za visima mpaka mtengeneze ya lita moja.